Mimi si mwepesi wa kuelewa na moyo wangu uko kwenye fizikia, niambieni ukweli

binti_wa_langoni

Asalaam alaykum jamaa. Naandika hii saa sita usiku, usingizi hauji. Mimi ni msichana wa hapa Lamu, mtaa wa Langoni, nimemaliza kidato cha nne na nimebakisha siku chache kuamua kozi ya chuo. Fizikia nilipata B+. Kila mtu nyumbani anasema hiyo ni maksi nzuri chukua tu, lakini mimi ndiye ninayejua ile B+ imetoka wapi na imenigharimu nini.

Shida yangu mimi si mwepesi. Maalim akiandika swali ubaoni kulikuwa na wavulana wawili watatu pale mbele, hajaweka chaki chini washatoa jibu, na mimi saa hiyo bado nasoma swali mara ya pili, najiuliza hili gari linalopunguza mwendo linapunguza kwa breki ama linapanda mlima. Jibu likitoka maalim anasonga mbele na mimi nabaki na swali langu mkononi. Nikirudi nyumbani napanda juu kwenye upepo nalianza upya, napata, lakini wakati mwingine ni saa tatu kwa swali moja. Saa tatu! Pepa ya kwanza ina maksi 80 kwa saa mbili, yaani maksi moja ni dakika moja na nusu. Mwaka mzima hiyo dakika moja na nusu ilikuwa ndani ya kichwa changu kama saa ya ukutani. Siku ya mtihani niliacha maswali mawili sikuyagusa na yote mawili nilikuwa nayajua, hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Kuna maalim mmoja wa tuisheni aliniambia mbele ya watu kwamba fizikia inataka kichwa chepesi, mimi nijaribu mambo ya biashara. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini lile neno halijatoka.

Nitoe mfano mmoja ndio mnielewe vizuri. Siku moja darasani tuliulizwa maji kujaa na kupwa yanasababishwa na nini. Kijana mmoja palepale: mwezi unavuta maji. Sahihi, tukaenda mbele. Mimi nikabaki nafikiri, kama mwezi unavuta maji kuja upande wake basi hapa Lamu yangejaa mara moja kwa siku, manake mwezi unapita juu yetu mara moja. Mbona yanajaa mara mbili? Sikuuliza. Niliona nitaonekana sijaelewa kitu ambacho darasa zima washaelewa na washakisahau. Babu yangu ni mvuvi, saa za maji anazijua bila kuangalia popote, nilimuuliza yeye akaniambia Mungu kapanga hivyo, nami siwezi kubishana na hilo, ila bado nataka kujua amepangaje.

Kwa hiyo nyinyi mliosoma hii kitu mpaka chuo, nawaomba msinipe moyo wa bure. Mtu mzito kama mimi ataweza ama atakwenda kupoteza miaka minne na pesa za wazazi?

maalim_malindi

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimefundisha fizikia hapa Malindi miaka mingi, nimeona watoto wa kila aina, na sikukusudia kuandika usiku huu lakini hilo swali lako la maji limeniamsha.

Sikiliza. Yule kijana aliyejibu "mwezi unavuta maji" alitoa nusu ya jibu na darasa zima likaondoka na nusu hiyo, pamoja na mwalimu. Wewe peke yako uliona kwamba jibu halitoshi. Hilo unaloliita uzito mimi naliita jina jingine. Galileo mwenyewe, yule mwanasayansi mkubwa wa Italia, mwaka 1632 aliandika kwamba maji hujaa na kupwa kwa sababu dunia inazunguka na kusogea, bahari inatikisika kama maji ndani ya chombo kinachokwenda. Hesabu yake ilimpa kujaa mara moja kwa siku. Mara mbili ilimshinda akaisingizia umbo la bahari na vina vyake, na wazo la mwezi alilikataa kabisa. Ilibidi dunia ingoje Newton mwaka 1687 aeleze nguvu ya mvuto. Sasa wewe umesimama palepale alipokwama Galileo, halafu unasema huelewi haraka?

Sitakupa jibu. Nitakupa mfano wa madau, zile mashua za tanga. Madau matatu yamefuatana mstari mmoja, yote yanakwenda upande uleule. La mbele limepata upepo mwingi kidogo, la kati upepo wa wastani, la nyuma upepo hafifu. Wewe kaa ndani ya dau la kati. Angalia mbele unaona nini, kisha geuka uangalie nyuma unaona nini. Dau la kati ndiyo dunia. Usinijibu leo.

injinia_bandarini

Mimi nitasema tofauti kidogo na nisieleweke vibaya, naongea kama kaka. Tusimdanganye huyu dada. Spidi inahitajika. Chuo kuna mitihani ya saa mbili vilevile, ukiacha maswali mawili umeacha, hakuna anayekuuliza ulikuwa unafikiri nini. Mimi nimesoma uinjinia na nimeona watu wenye akili sana wakirudia mwaka kwa sababu ya saa.

Lakini dada, kabla hujajiita mzito jiulize ni uzito wa aina gani manake ziko aina tatu na dawa zake si moja. Kuna uzito wa lugha: sisi huku tunafikiri kwa Kiswahili, swali limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo unalisoma mara ya kwanza kulitafsiri na mara ya pili kulielewa, yule mwenzako labda anasoma mara moja tu. Kuna uzito wa mkono, yaani fizikia umeielewa vizuri ila kuhamisha x upande wa pili na kufungua mabano kunakula dakika zako. Alafu kuna huo wa kusimama na kujiuliza hili gari lina breki ama mlima. Huu wa tatu usiuguse, huo ni mali. Ile miwili ya kwanza ni mazoezi tu. Mimi nilikuwa na huo wa mkono. Kila siku baada ya alfajiri dakika kumi na saa mbele yangu, algebra tupu bila fizikia ndani, miezi mitatu, na nikabadilika mpaka mwenyewe nikashangaa. Kuelewa sikujipima kwa saa ata siku moja. Nilijipima mkono tu.

dada_wa_maabara

Nimesoma fizikia chuo na nilikuwa kama wewe, kwa hiyo naandika na machozi yako karibu.

Mwaka wa kwanza wale wepesi walinitisha sana. Tukikaa wote kwenye kazi za kufanya nyumbani, wao dakika tano washamaliza mbili, mimi naanza kuchora. Sasa kitu ambacho hakuna mtu alinieleza: kadiri unavyopanda juu maswali yanarefuka. Mwaka wa tatu tunapewa maswali manne kwa wiki nzima na yote hayakamiliki siku moja. Hapo wale waliozoea jibu kuja lenyewe baadhi yao walikasirika na kuacha, manake hawakuwahi kukaa na kitu kisichofunguka. Mimi nilikuwa nimekaa navyo tangu kidato cha kwanza. Sisemi wote, wengine walikuwa wepesi na wavumilivu pia na nilijifunza mengi kwao.

Alafu kuna utafiti mmoja tulisomeshwa, wa mwaka 1981, Michelene Chi na wenzake Marekani. Walichukua maswali ya fizikia wakawapa wanafunzi wanaoanza na watu waliobobea, wakawaambia yapangeni kwa mafungu. Wanaoanza walipanga kwa vinavyoonekana, maswali yenye mteremko pamoja, yenye springi pamoja. Waliobobea walipanga kwa sheria iliyojificha ndani, hili la nishati, hili la sheria ya pili ya Newton, ata kama moja lina mteremko na lingine lina springi. Sasa wewe ukiuliza ni breki ama ni mlima unatafuta nini kimejificha ndani ya swali. Hiyo kazi haifanyiki kwa dakika moja na nusu mtu akiwa bado anajifunza.

Na usome habari za Laurent Schwartz wa Ufaransa. Huyu alipata medali ya Fields mwaka 1950, mojawapo ya zile kubwa kabisa kwenye hisabati, na ameeleza mwenyewe maisha yake kwamba shuleni alijiona mzito kuliko wenziwe na kwa siri aliamini hana akili. Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kuipata medali hiyohiyo, mwaka 2014, naye alijieleza kuwa ni mtu wa kwenda taratibu. Mimi nilipojua hayo nilifunga mlango nikakaa kimya muda mrefu.

kijana_ngomeni

Mimi sijafika chuo cha fizikia lakini natoka Ngomeni, na pale kwetu baharini kuna ile mitambo ya Waitaliano, San Marco, mnaiona mkipita na mashua. Wengi wanajua tu zilirushwa roketi. Ngoja niwape kisa manake nahisi ni chake huyu dada.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ndiyo siku Kenya ilipata uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani ikaitwa Uhuru, jina la Kiswahili kabisa, kwa sababu ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuangalia miale ya eksirei kutoka angani. Kabla yake wanasayansi walikuwa wanarusha roketi ndogo zinapanda juu ya hewa, zinaangalia dakika chache, zinaanguka. Uhuru ilikaa huko juu na ilikuwa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja dakika kama 12, na wakitaka kuona kitu hafifu walikuwa wanaipunguza mwendo zaidi ili ikitazame kwa muda mrefu. Mnaona? Walikuwa wanaipunguza makusudi! Ilifanya kazi mpaka 1973 na mwishowe orodha yake ikawa na vyanzo 339 vya eksirei, na ndiyo iliyofanya watu waanze kuamini kwamba kile kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkubwa ata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Na mbona wakaja kwetu? Kwa sababu tuko karibu na ikweta, ukiwa umesimama Ngomeni ardhi yenyewe inakubeba kuelekea mashariki kama kilomita 1,670 kwa saa, roketi inaondoka na hiyo juu yake bure. Piga hesabu mwenyewe, mzingo wa dunia kilomita 40,000 na kidogo gawanya kwa saa 24. Mimi nilipiga nikiwa darasa la nane, ikanichukua mchana wote, na sijawahi kufurahi vile.

fundi_matondoni

Sikusoma mimi, lakini nitatia neno. Tunapounda jahazi hatuna karatasi ya ramani. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yanatafutwa kwenye mti uliopinda wenyewe, si wa kupindishwa, kwa hivyo ni lazima uutazame mti. Fundi aliyenifundisha akiletewa magogo alikuwa anakaa nayo asubuhi nzima anayageuza tu, kijana mgeni akimuona anasema mzee huyu hafanyi kazi. Akishika msumeno hasimami tena na hapotezi ubao. Wale tuliokuwa na haraka tulikuwa tunakata mara mbili. Basi mwanangu usimuonee haya mtu.

binti_wa_langoni

Jamaa nimesoma zote nimeshindwa kujibu kwa siku mbili, asanteni, Mungu awalipe.

Maalim, madau. Nimekaa nayo siku mbili hizi ata kwenye kuosha vyombo. La mbele linanikimbia. Nikigeuka nyuma, la nyuma linabaki, lakini mimi niliye katikati naliona kama nalo linakimbia, kwa upande wa pili! Nafasi inafunguka mbele na inafunguka nyuma ingawa wote tunakwenda upande mmoja. Basi maji yaliyo upande wa mwezi yanavutwa zaidi kuliko dunia, yanaitangulia. Na dunia yenyewe inavutwa zaidi kuliko maji ya upande wa mbali, kwa hiyo dunia inayaacha yale maji nyuma. Matuta mawili ya maji. Na sisi Lamu tukizunguka na dunia tunapita tuta la kwanza alafu la pili. Mara mbili.

Nikapiga hesabu, mwezi uko kilomita 384,400, kipenyo cha dunia 12,742, nikatafuta mvuto wa upande wa karibu na upande wa mbali kwa umbali mraba, tofauti imetoka kama asilimia 7 hivi. Nimerudia mara tatu. Na nimeelewa mbona babu anasema kila siku maji yanachelewa kama saa moja kasorobo au kidogo zaidi, manake dunia ikimaliza mzunguko mwezi nao ushasogea mbele, tunahitaji kama dakika 50 tena kumfikia. Nilikimbia nikamwambia babu. Alinisikiliza mpaka mwisho, alafu akasema basi na jua nalo limo humo, ndiyo maana bamvua, yale maji makubwa kabisa, linakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Mimi jua nilikuwa sijalifikiria kabisa.

Ila maalim hofu bado iko. Ile ya kuuliza. Nitakwenda chuo na watu mia darasani na nitanyamaza vilevile.

maalim_malindi

Babu yako kasema kweli. Jua lina nguvu ya kujaza maji kidogo chini ya nusu ya ile ya mwezi, wakiwa mstari mmoja wanasaidiana na hilo ndilo bamvua, wakikaa pembe mraba wanapingana unapata maji mafu, yaani kujaa na kupwa kudogo. Na nikuongezee tahadhari, hiyo picha ya matuta mawili ni mwanzo tu. Bahari ina ukingo na vina tofauti, maji yanazuiwa na nchi kavu yanazunguka, ndiyo maana saa za maji hazifanani kila bandari ya dunia. Kwa hiyo Galileo hakukosea kusema umbo la bahari lina kazi. Alikosea kuliachia kazi yote ya ile mara mbili na kuukataa mwezi.

Kuhusu kuuliza. Mwaka 1963 kule Tanzania, shule ya Magamba, kulikuwa na mwanafunzi anaitwa Erasto Mpemba. Wakitengeneza aiskrimu yeye akatia maziwa ya moto kwenye friji, yakaganda kabla ya yale ya baridi. Akauliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Aliendelea na swali lake mpaka shule ya Mkwawa huko Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba si fizikia ya watu wote, na darasa likawa linamcheka kila akikosea kitu. Halafu akaja mgeni kutoka chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akasimama akauliza mara nyingine mbele ya haohao waliomcheka. Osborne alikwenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo na linaitwa kwa jina lake. Ninachotaka ukione ni ile miaka. Alilibeba swali moja shule mbili, na kila alipolitoa alijua atachekwa.

Mimi pia katika kufundisha kwangu nimesonga mbele na jibu la mtoto mwepesi mara nyingi sana huku wengine wamebaki nyuma na maswali yao. Silabasi ni ndefu na muda mfupi, lakini hiyo si sababu ya kutosha. Nimekusoma wewe nimewakumbuka.

injinia_bandarini

Dada hapo kwa asilimia 7 umenimaliza. Narudisha maneno yangu nusu, nusu nabaki nayo: algebra dakika kumi kila alfajiri, uniahidi. Na kuhusu kazi baadaye, manake najua mzazi atauliza, fizikia haimfungi mtu, watu wanaingia nishati ya jua, mashine za hospitali, hali ya hewa, ualimu, kompyuta. Mwambie baba aniulize mimi kwa inbox.

binti_wa_langoni

Nimekuahidi kaka. Na fomu nimeijaza, fizikia ya kwanza. Mama ametia saini ya moyo, baba bado anafikiri lakini hajakataa.

Sasa ngojeni niwaonyeshe kitu. Jana nilichukua rangi nikaweka alama kwenye nguzo moja ya gati, nikakaa na mdogo wangu kuanzia saa saba mchana maji yalipokuwa yamepwa kabisa, siku ya kumi na tisa tangu mwezi kuandama, mpaka saa moja usiku yalipojaa. Kila saa tunapima yamepanda sentimita ngapi. Saa ya kwanza 18. Ya pili 43. Ya tatu 61. Ya nne 57. Ya tano 40. Ya sita 21. Jumla 240. Yanaanza polepole, katikati yanakimbia, mwisho yanasimama tena. Nimeichora ile mistari na nimeijua! Ni ule mchoro wa pendulamu, kile kizito kinachoning'inia kwenye uzi na kuyumba, ule uliokuwa unanipiga chenga kidato cha tatu, nilikuwa nakariri fomula yake bila kuiona. Kumbe nimekua nao mlangoni.

Ila kuna jambo. Leo asubuhi nimerudi pale na maji yamejaa, na hayakufika alama ya jana usiku. Yamepungua shubiri nzima. Ni matuta mawili sawa, lakini mbona hayalingani?

maalim_malindi

Ulifika pale gatini saa ngapi, na una hakika yalikuwa yameshasimama?

binti_wa_langoni

Saa moja na dakika ishirini, yalikuwa yamesimama, nilingoja mpaka yakaanza kurudi. Kesho nitakwenda tena kupima yote mawili, ya asubuhi na ya jioni.